Wasifu wa Baba na Mtu Mnene wa Uingereza

Baba yangu hakumpenda wala hakumchukia yule waziri mkuu wa Uingereza wa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hakumjua. Naanza na hilo kwa sababu siku tuliyomzika watu wengi waliondoka wakiamini vingine, na mpaka leo nikipita sokoni Sikonge hakosi mtu wa kuniita binti wa yule mzee aliyempenda mzungu.

Alikwenda vitani akiwa kijana, ndevu hazijamjaa. Hakupewa bunduki. Babu yake alikuwa amepita njia ya misafara na pembe za ndovu begani, kutoka huku kwetu mpaka pwani na kurudi na majora ya nguo, na wazungu walioandikisha watu walikuwa wameshasikia kwamba Mnyamwezi anajua kubeba. Basi wakamweka upande wa wabebaji. Burma, au Bama kama alivyoiita nchi ile ya Asia walikopelekwa, aliijua kwa kuangalia chini tu: tope, mizizi, visigino vya mtu aliye mbele yake. Wakati wa kwenda walibeba mchele na risasi kichwani, juu ya ngata. Wakati wa kurudi walibeba majeruhi, watu wanne kwa machela moja.

Aliyekuwa akishika machela mbele yake alikuwa kijana wa upande wa Tura, huko reli inakotokea mashariki kabla ya kufika Tabora. Jina lake silitaji hapa. Ni la ndugu zake. Walizoeana miguu, baba alisema, maana watu wasiozoeana miguu humwaga majeruhi. Kijana yule alipata homa akafa, na baba ndiye aliyechimba kaburi.

Sasa, katika ukoo wetu kuna jambo lililotoka kwa wale wa misafara. Mtu akifia njiani, habari haipelekwi kwao na mtu baki, wala haitumwi. Anaipeleka aliyebeba naye. Anafika mlangoni, anakataa kiti, anakataa maji, anasema akiwa amesimama. Akishasema ndipo anakaa. Kama yeye naye amekufa kabla ya kufika, mzigo huo ni wa mtoto wake.

Baba alirudi na maneno manne ya kupeleka Tura. Kwamba kijana alikufa kwa homa. Kwamba hakuuawa na mtu. Kwamba alizikwa upande wa juu wa njia, mahali pasipofikiwa na maji. Na kwamba aliyemzika ni mwenzake, wala si mgeni. Aliteremka kwenye treni akauliza, akaambiwa ukoo ule umehama na njaa, umekwenda Nzega. Akaenda Nzega, akaambiwa wamehama tena. Baadaye watu wakahamishiwa vijijini, kila mmoja akawa mahali pengine, na baba akawa mtu wa kuuliza kwenye minada na kwenye misiba. Alifuga nyuki, akazaa sisi, akazeeka, na habari bado anayo.

Hilo tu ndilo alilolitaka kwa dunia katika miaka yake ya mwisho. Afya hakuidai, wala hakutaka kusifiwa.

Kiongozi wetu mmoja mkubwa wa kitaifa, ambaye naye simtaji kwa sababu sina ugomvi naye, alikuwa anampenda sana yule mzee wa Uingereza. Hakuficha. Kwenye redio tulimsikia akisema amesoma vitabu vyake vyote na kwamba picha yake iko ofisini kwake. Kila nchi ilipopata taabu, mvua zikikosekana au bei zikipanda, alitukumbusha jinsi mtu yule alivyosimama peke yake wakati wote waliomzunguka walitaka kupiga magoti. Nadhani alimpenda kwa moyo. Shida ni kwamba mkubwa akipenda kitu, walio chini yake nao hukipenda zaidi yake. Mtendaji wa kata yetu alikuja kuhimiza uchimbaji wa vyoo akatuambia tuwe na msimamo kama yule waziri mkuu. Mama mmoja nyuma akauliza kama na yeye alichimba choo chake mwenyewe. Tulicheka, mtendaji akakasirika.

Kwa hiyo iliposikika wilayani kwamba kijijini kwetu yupo mzee aliyepigana vita vile, na kiongozi yuko ziarani Tabora, hatukuachwa tupumue. Walikuja kusawazisha barabara. Walikuja kupaka chokaa ukuta wa mbele wa nyumba, wa mbele tu. Walileta kiti kizuri cha kukalia mgeni na wakamwambia baba atakaa kwenye kile chake cha zamani, kitapendeza kwenye picha.

Baba alifurahi. Nilimuuliza kwa nini anafurahi hivyo.

"Huyu ana vipaza sauti," akaniambia. "Ana watu wa redio nyuma yake. Nikisema jina la mwenzangu mbele yake, litafika Nzega, litafika kila mahali. Tura hawatakosa redio."

Nikamwambia, "Lakini baba, habari haitumwi."

"Sitaituma. Nitawaita tu waje. Wakija, nitasimama mlangoni kwangu mwenyewe niwaambie." Akafikiri. "Itakuwa kinyume, lakini miguu yangu nayo imekuwa kinyume."

Kiongozi alifika na magari mengi. Alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akasema shikamoo, baba akaitika marahaba. Mpaka hapo alikuwa mgeni mwema kabisa. Akakaa, akasogeza kiti karibu.

"Mzee wangu, wakati ule ulipata kusikia hotuba zake?"

"Hotuba za nani, mheshimiwa?"

Akamtaja.

"Kule tulikuwa tunasikia mvua," baba akasema.

Watu wakacheka, kiongozi naye akacheka sana, akawageukia waandishi. "Mnamsikia? Hawa ndio watu walioshinda vita. Mzee, lakini jina lake mlikuwa mnalijua?"

"Tulikuwa tunaambiwa kuna mkubwa wao huko ng'ambo. Mimi nilikuwa na mwenzangu mmoja wa Tura, mheshimiwa, ambaye..."

"Alikataa kusalimu amri, mzee. Wote walimwambia inama, akakataa."

"Ndiyo, mheshimiwa. Sasa huyu mwenzangu wa Tura..."

"Nchi yake inaungua, yeye anatembea katikati ya majengo yaliyoanguka na fimbo yake, anawasalimia watu. Kiongozi wa namna hiyo!" Akamtolea baba picha iliyokuwa kwenye simu yake, akamsogezea machoni. "Huyu hapa."

Baba aliitazama picha ile kwa muda. Namjua baba yangu. Alikuwa anatafuta adabu ya kurudi kwenye habari yake. Lakini pia alikuwa mbebaji, na mbebaji akionyeshwa mtu humtazama kwa namna yake.

"Ni mnene," akasema.

"Alikuwa mnene, mzee."

"Basi huyo hangebebeka. Kwenye tope lile, watu wanne wasingemweza. Tungelazimika kuwa sita, na njia ile haipitishi sita."

Sijawahi kuona watu wazima wakicheka vile. Kiongozi alijifuta machozi. Walinzi walicheka. Mtendaji wa kata alicheka kuliko wote. Na katika kile kicheko kiongozi akasimama, akamkumbatia baba, akampa blanketi, magari yakawaka. Baba alibaki na mkono umeinuliwa kama mtu anayeomba nafasi ya kusema kwenye mkutano.

"Sikumaliza," akaniambia.

"Nimeona, baba."

"Nilikosea kumjibu habari za unene. Ningenyamaza."

"Hukukosea. Umeulizwa umejibu."

Jioni hiyo redio ilitangaza maneno yake ya tope na watu sita. Jina la Tura halikutajwa.

Baada ya pale alianza kunifundisha wasifu wake. Sisi Wamoraviani mtu hazikwi bila historia yake kusomwa kwa utulivu, watu wakiwa wamekaa, tangu alikozaliwa mpaka alivyomaliza. Wazee wengine huiandika wenyewe mapema. Baba alinisemea mimi nikaandika. Alisema kuzaliwa kwake na ubatizo visichukue nafasi, nyuki nao wasichukue nafasi. "Pale kwenye vita uende polepole. Utaje jina lake mara mbili, utaje na la baba yake, na Tura. Kwenye msiba wangu watakuja watu wa kila upande, mmoja wao atajua."

Aliugua kifua, tukamlaza hospitali ya mkoa pale Kitete. Wauguzi walimtania wakimwita mzee wa machela. Siku aliyokata roho hakusema neno kubwa. Aliomba maji, akanywa, akauliza kama mvua imeanza huko nyumbani, nikamwambia bado. Nilimfunga kidevu mwenyewe.

Tulipofika kijijini na mwili, turubai zilikuwa tayari zimesimamishwa na viti vya plastiki vimepangwa. Sikuvijua vilikotoka. Afisa mmoja kutoka wilayani, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuwa amekaa na baba yangu mdogo wanapanga ratiba.

"Mama, pole sana," akaniambia. "Usihangaike na chochote. Huu si msiba wenu tena, ni wa taifa."

Baba mdogo alikuwa amempa afisa huyo wasifu niliouandika. Simlaumu. Kwetu mtu wa serikali akija msibani kwa heshima hupewa kila kitu, hata kisichoombwa, na kukataa kungeonekana kama kumfukuza mgeni mbele ya maiti. Nilimwomba tu baba mdogo anirudishie.

"Afisa ameupeleka kupigwa chapa," akasema baba mdogo. "Usomeke vizuri. Mwandiko wako una mikono ya kulimia."

"Baba mdogo, neno lisipungue."

"Litapungua wapi? Wataongeza tu."

Na kweli waliongeza. Nilikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, karibu na jeneza. Afisa alisimama na kipaza sauti, watu wa redio wakirekodi, akaanza. Kuzaliwa kulikuwepo, ubatizo ulikuwepo. Alipofika kwenye vita akaingia waziri mkuu wa Uingereza, na alipoingia hakutoka tena. Tulisikia alivyozaliwa katika nyumba kubwa. Tulisikia alivyokuwa hodari wa kusema na alivyopenda kuchora picha. Tulisikia kwamba marehemu, akiwa katika misitu ya mbali, alipata nguvu kwa kumfikiria. Halafu yule kijana akapunguza sauti, kama wasomaji wanavyofanya wakifika kwenye jambo tamu, akasema kwamba marehemu aliwahi kumwambia kiongozi wetu kuwa alikuwa tayari kumbeba mtu yule mabegani mwake, hata kama ingebidi watafutwe watu sita.

Watu wakapiga makofi. Kwenye mazishi.

Nikaanza kuinuka. Dada yangu akanishika goti akinong'ona, "Tulia." Nikatulia. Nilikuwa nasubiri Tura. Nilijiambia, hata akiharibu yote, akisema tu Tura na lile jina, nitamsamehe. Akafunga karatasi, akasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Halafu simu ikaletwa. Kiongozi mwenyewe alikuwa anatoa salamu za rambirambi, na simu ikawekwa kwenye kipaza sauti. Sauti ilikuwa inakatikakatika, lakini ilikuwa na huzuni ya kweli, hilo nalisema. Alisema amepoteza rafiki. Alisema kila akiwaza juu ya yule shujaa wake wa Uingereza sasa atamwaza na mzee huyu. Mchungaji alitazama jua mara kadhaa. Ratiba ilikuwa na neno la familia, ila ilipofika zamu yetu afisa alisema muda umetutupa mkono, familia itaelewa. Tukazika.

Nilimfuata kijana yule kwenye gari lake kabla hajaondoka.

"Mwanangu," nikamwambia, "baba hakusema alitaka kumbeba. Alisema hangebebeka."

"Mama, maana ni ileile."

"Si ileile. Moja ni ya mtu anayependa, nyingine ni ya mtu anayepima mzigo."

"Mzee alikuwa anatania tu, mama. Sisi tumeiweka kiheshima."

"Na mwenzake wa Tura? Nilimwandika."

Akafikiri kwa uaminifu, nilimwona anafikiri. "Yule wa homa? Tulimtoa, mama. Hotuba ilikuwa ndefu, na yeye hakuwa mtu maarufu. Lakini kumbukumbu imebaki. Nakala ya wasifu itapelekwa kwa mheshimiwa."

Hakuwa mtu mbaya. Alinifungia hata kanga iliyokuwa imeniponyoka begani, akasema pole tena.

Nikaenda jikoni, nyuma ya nyumba, upande ambao haukupakwa chokaa. Wanawake walikuwa wanaosha masufuria ya ugali kwa majivu. Nikachukua sufuria moja nikaanza kusugua, na nikiwa nasugua nikaanza kusema. Sikuwa na mpango. Nilisema yote aliyonisemea baba, polepole kama alivyotaka, jina mara mbili, la baba yake, na Tura. Wakaacha kuongea. Mama mmoja aliyeolewa Ipole, ambaye nilikuwa namjua kwa sura tu, akauliza, "Ukoo huo si ndio waliorudi kutoka Nzega wakajenga ng'ambo ya reli? Mimi kwetu ni huko. Yuko binti wa kaka yake huyo mtu unayemsema. Ni bibi sasa."

Nilimwuliza kama ana hakika.

"Dada, nimekula michembe ya viazi kwake mwaka wa njaa. Nina hakika."

Karatasi ya wilayani, simu na vipaza sauti vyote havikufanya kitu, na hapa kwenye majivu jambo lilikuwa limepatikana kabla sufuria haijatakata. Ningefurahi. Badala yake nililia kwa hasira, wakadhani ni msiba, nao ulikuwa msiba pia.

Tulipoondoa matanga nilipanda treni Tabora kwenda Tura. Nilipoteremka nilimuuliza njia mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuwa kituoni anasubiri mgeni wake. Nilipomwambia natoka wapi akachangamka.

"Sikonge? Basi utakuwa unamjua yule mzee aliyetaka kumbeba mzungu."

"Alikuwa baba yangu. Na hakutaka kumbeba."

"Alitaka, mama. Nimesikia mwenyewe redioni."

"Nilikuwepo, mwenyekiti."

"Na mimi nilikuwa na redio," akasema, wala si kwa ubishi, akanisindikiza mpaka ng'ambo ya reli akinieleza habari za baba yangu.

Yule bibi alikuwa amekaa mlangoni anakata viazi vya kuanika. Alinikaribisha, akamwita mjukuu alete kigoda na maji. Nikamshukuru, nikasema sitakaa kwanza, wala sitakunywa. Niliogopa nitalazimika kumweleza desturi ya kwetu, na kwamba ataniona wa ajabu. Sikulazimika. Aliweka kisu chini. Akatazama miguu yangu iliyosimama pale kizingitini, akajifuta mikono, akasimama na yeye.

"Ni nani?" akauliza.

Nikamtajia jina.

"Ni baba yangu mdogo," akasema. "Bibi yangu alikufa akimngoja. Sema."

Nikasema. Kwamba alikufa kwa homa. Kwamba hakuuawa na mtu. Kwamba alizikwa upande wa juu wa njia, pasipofikiwa na maji. Kwamba aliyemzika ni mwenzake aliyeshika naye machela, baba yangu, ambaye alikuja hapa akawakosa, na sasa naye amekufa. Mwenyekiti alikuwa amevua kofia. Bibi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akaniomba nirudie pale kwenye maji, nikarudia.

Halafu akauliza, "Alimfunika kwa kitu gani?"

"Samahani, bibi?"

"Alipomweka chini. Kulikuwa na shuka? Au jani? Bibi yangu alikuwa akiuliza hilo tu. Alikuwa akisema, mtoto wangu kama amekufa, sawa, lakini amefunikwa na nini."

Baba alijua. Lazima alijua, alikuwa pale, mikono yake ndiyo iliyofanya. Alikaa miaka na jibu hilo ndani yake, na siku ile mbele ya redio zote za nchi hii alikuwa amefungua mdomo kuwaita watu hawa waje wamuulize. Bibi huyu angekuja. Ni safari ya treni na basi tu. Angekaa mbele yake, angemuuliza, na baba angemjibu kwa neno moja. Mimi sikuwahi kuuliza. Sikujua kwamba ndilo la kuulizwa.

"Sijui, bibi," nikamwambia. "Hakuniambia."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kunilaumu. Mjukuu alikuwa bado amesimama na kikombe cha maji. Bibi akakipokea, akanipa kwa mikono yake miwili, na nikakaa.